Radi imepitia waya wa intaneti, nilindeje kompyuta za duka la steshenari?

MamaStesheni: Wakuu, habari za jioni. Nina duka la steshenari hapa Bukoba, kompyuta mbili na printa. Mvua ya juzi radi ilipiga karibu. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) nzima, lakini tundu la waya wa intaneti limekufa kwenye kompyuta zote na rauta inanuka kuungua. Umeme umepita wapi?

FundiKagera: Pole sana dada. Antena ya intaneti iko juu ya bati? Basi umeingilia huko, ukashuka na waya hadi kwenye rauta. UPS inalinda kilichochomekwa kwake tu.

Mzee_wa_Waya: Anza na ethi, yaani waya wa kumwaga umeme ardhini. Fundi aipime ile nondo yake ya shaba. Bila ethi nzuri, hata ukifunga kinga ya radi kwenye meni swichi haina pa kuumwaga umeme. Ekstenshen nyingi za bei chee hazina kinga yoyote.

MamaStesheni: Asanteni. Antena iko batini kweli. Kwa leo nifanyeje? Mawingu yanatoka ziwani.

FundiKagera: Chomoa sasa hivi: plagi ukutani, waya wa antena, na wa printa pia. Kuzima swichi hakutoshi, radi inaruka ule mwanya. Ngurumo ikishakaribia usiguse waya. Ukinunua rauta mpya, unganisha kompyuta kwa waifai, radi isipate waya wa kuzifikia.