Tupeane uzoefu: Uliambiwa umefungwa, ukatajiwa Hoodoo na bei yake. Ulijinasuaje?

Bi Kibaraza (South Carolina)

Wanajamvi salaam, hasa wenzangu mlioko huku Marekani. Juzi dada mmoja tunayesali naye kanipigia simu usiku, anataka nimkopeshe dola 900. Nikamuuliza za nini. Kumbe kuna mtu wa mtandaoni kamwambia kizazi chake kimefungwa na mtalaka wa mumewe, kazi ya kumfungua ni ya "Hoodoo ya siri" (Hoodoo ni uganga wa Wamarekani weusi), na ni lazima ianze kabla mwezi haujaandama. Pesa sikumpa. Tumeongea mpaka saa saba za usiku, na hapo ndipo nikaona tufungue uzi, kila aliyepitia haya aseme alivyotoka.

Nieleze kwanza nasimama wapi. Nimeolewa na Mgullah, hawa watu weusi wa visiwa na pwani ya South Carolina na Georgia. Mama mkwe ni wa Kaunti ya Beaufort, alikokuwa Dr. Buzzard, yule mganga wa mizizi aliyefariki 1947, ambaye watu walimlipa aje mahakamani akae tu anatafuna mzizi ili kesi iwaendee vizuri. Mama huyu Hoodoo hajaisomea, kaikuta nyumbani. Na ndiye aliyenifundisha kuwashtukia matapeli.

Hoodoo si Vodou ya Haiti. Ni elimu ya watumwa waliozaa Wamarekani weusi: mizizi, Zaburi, mambo ya makaburini, na kumbukumbu za Kongo na Afrika Magharibi. Haina ukuhani. Hakuna anayekuvika kilemba ukawa "kuhani mkuu wa Hoodoo", kwa hiyo ukiona mtu kajiita hivyo, jua cheo kajipa mwenyewe. Pili, anasema mama, kazi ina bei na ina mwisho. Unaaguliwa, unatajiwa gharama, kazi inafanyika, mnaachana. Anayekuagua Jumatatu, Alhamisi akakuta fundo jipya, wiki ijayo la tatu, huyo anaishi kwa hofu yako.

Na zindiko la nyumba ni la mwenye nyumba. Kibaraza cha mama dari yake imepakwa buluu ya kuzuia mizuka. Jumamosi asubuhi anatia buluu ya kufulia na chumvi kwenye ndoo, anamwagia ngazi huku akifagia kutoka mlangoni kwenda barabarani, na Zaburi ya 91 anaisoma kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya sokoni. Akimaliza anarudi jikoni kupika wali. Gharama yake haifiki dola tano.

Karibuni. Msitaje majina ya watu wala maduka.

Trela Masaa Yote (Houston)

Wadau, yangu ni ya mshumaa. Kazi ilikuwa imekwama, mizigo hakuna, dispacha, yule mgawa mizigo, hapokei simu. Jamaa mmoja wa "kuondoa nuksi" akaniwashia mshumaa wa siku saba, ule wa ndani ya glasi, akanitumia picha: glasi nyeusi tititi kuanzia katikati hadi juu. Akasema hiyo ni kazi ya adui inapigana na yake, niongeze 450.

Picha nikamwonyesha mzee jirani yangu, mtu wa Louisiana, mishumaa hiyo anawasha tangu utoto. Hata hakunijibu. Akaingia ndani akatoka na mshumaa wake na mkasi. Akauwasha vile ulivyo, utambi mrefu, tukapiga story. Baada ya muda glasi ikaanza kushika masizi. Akauzima, akakata utambi ukabaki kidogo sana, akafuta glasi na karatasi, akawasha tena. Ukawaka msafi.

Mzee mwenyewe anaamini masizi yanaweza kuwa na maana, sio mtu wa kudharau hayo mambo. Ila aliniambia ukitaka kusoma mshumaa, kata utambi kwanza na ufunge dirisha, kisha ndio usome. Yule jamaa nikamwandikia: "Umekata utambi?" Mpaka leo.

Mtoto wa Sonara (Kentucky)

Bandugu, mi ni mtu wa Uvira, niko huku tangu tulipotoka kambini. Kiwandani kuna mama mmoja alikuwa anauzia batu dime za zamani, zile senti kumi zenye tundu, unafunga kwenye kifundo cha mguu na uzi mwekundu. Ni desturi ya kweli ya hawa watu weusi wa huku, nimewauliza wazee wao: ile feza ikigeuka nyeusi, ujue mtu amekutegea kitu njiani ukakikanyaga.

Sasa yeye alikuwa anakupa dime pamoja na mafuta yake ya kupaka mguu. Kesho yake dime nyeusi. Unarudi kwake unalia, anakuambia bei ya kusafisha.

Mi baba yangu alikuwa sonara. Nilifungua ile chupa nikanusa: kiberiti. Kile cha unga, cha manjano. Feza na kiberiti havikai pamoja, lazima feza iwe nyeusi, hata yai la kuchemsha linaifanya hivyo. Nikatafuta dime mbili za 1962, maana zenye mwaka 1965 na kuendelea hazina feza tena. Moja nikaipaka mafuta yake, moja nikaiacha kavu, nikaziweka juu ya meza ya chakula cha mchana batu bote waone. Ile mama siku hizi anauza sambusa tu. Sambusa zake ni nzuri, sisemi uongo.

Mpigwa Kitambo (Dar)

Nyie mnajisumbua. Hoodoo yenyewe ndio utapeli. Hawa ni wale wale wa kwenye nguzo za umeme, "mganga kutoka Sumbawanga, anarudisha mpenzi kwa dakika 30", wamepanda ndege tu.

Bi Kibaraza

Mkuu, wenyewe wameshabishana hilo kabla yetu. Henry Bibb alikuwa mtumwa Kentucky, akatoroka, akaandika habari zake 1849. Anasema alimlipa mganga ili asichapwe. Akapewa mchanganyiko wenye shabu na chumvi amnyunyizie bwana wake, na mzizi mchungu wa kutafuna na kutema upande wake. Safari ya kwanza hakuchapwa, akajiona kaweza. Jumapili iliyofuata akaondoka tena bila ruhusa, aliporudi Jumatatu asubuhi akajibu kwa ujeuri, akachapwa barabara. Akaenda kwa mwingine, huyo akampa unga wa mavi ya ng'ombe, pilipili na nywele za wazungu. Mwisho akaamua dawa ya viboko ni kukimbia.

Halafu chukua Frederick Douglass, mtumwa mwingine aliyekuja kuandika habari zake, Maryland, 1834. Sandy Jenkins, mtumwa mwenzake, alimpa mzizi auweke upande wa kulia, hakuna mzungu atakayemchapa. Kesho yake asubuhi Covey, mzungu aliyekodishiwa Douglass, akamkamata, wakapigana karibu saa mbili, na Covey hakumgusa tena. Douglass mwenyewe aliuchekea mzizi, ila aliubeba. Angalia tofauti, mkuu: hatusomi popote kwamba Sandy alimdai hata senti, na alikuwa amemficha na kumlisha wakati kumsaidia mtoro ni hatari. Bibb alikutana na wauza unga. Mimi sikuombi uamini mzizi. Nasema hawa wawili huwezi kuwaweka kapu moja.

Nywele Zangu (Atlanta)

Nimeandika na kufuta mara nyingi, leo naacha.

Aliyenishika mimi ni mama wa kwetu kabisa, Kiswahili kitamu, anaombea watu kwa simu, na katikati ya maombi anachomeka "mambo ya huku, ya mizizi". Alianza na ndoto: amekuota umesimama bila viatu. Sikuwa nimemuuliza chochote. Akaomba nywele za kwenye kitana, kucha, na picha yangu nikiwa na kanga tu. Na akaniambia ungama yote, maana siri ndiyo inayozuia kazi. Nikaungama. Kuna jambo mume wangu alikuwa halijui.

Nilipochelewa kutuma pesa, sauti ikabadilika. "Kazi nikiiachia njiani itakurudia wewe na mtoto." Mtoto akipata mafua, mimi silali. Nikipita sehemu nikajikwaa, nampigia.

Aliyenitoa ni bibi ninayemhudumia kazini, mtu wa vijijini Georgia. Nilikuwa namchana, akanyoosha mkono, akachukua zilizobaki kwenye kitana, akazifumbata. Akasema huwa hamwachii mtu nywele zake, zinachomwa. Nikamuuliza, na mtu akishazichukua? Akanitazama vizuri. Akasema anayekuomba nywele anajua anachoomba, kwa hiyo huyo si mtu wa kukukinga, amekushika. Akaniuliza swali moja: ana nini kingine chako?

Nikaelewa kwamba nywele nilizihofia bure. Alichokuwa nacho ni picha na siri. Usiku ule nikamweleza mume wangu mwenyewe. Hakukuwa na usiku mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Lakini asubuhi yule mama alipopiga na vitisho vyake, mume ndiye aliyepokea simu, akamwambia hilo nalijua, na sauti zako tunazo. Tukapeleka ujumbe wote polisi. Bibi yangu yeye akaniambia nioge hisopo na Zaburi ya 51, niachane na habari zake. Nikaoga. Mtoto ameendelea kupata mafua kama watoto wote wa chekechea.

Mzee wa Bronx

Pole sana binti. Tulio huku tangu zamani tunakumbuka Miss Cleo wa kwenye televisheni, simu ya ramli kwa dakika. Mwaka 2002 wenye kampuni walikubaliana na tume ya biashara ya serikali, FTC, wakafuta madeni ya wateja ya dola milioni 500 na kulipa milioni 5. Kwa hiyo hata serikali inasikiliza. New York kupiga ramli kwa malipo au kudai unaondoa laana ni kosa la jinai, isipokuwa ikiwa ni burudani. Ukilipa kwa kadi ya benki, piga simu benki mapema, useme umetapeliwa. Ukilipa kwa kadi za zawadi, tunza risiti na kadi zenyewe. Aibu ndiyo inayowafanya watu wakae kimya.

Mgeni Jamvini

Shikamooni. Mimi nina kifurushi alichonitumia, kitambaa chekundu kimeshonwa, aliniambia nikikifungua nitapata kichaa. Nakiogopa hata kukigusa. Nifanyeje?

Bi Kibaraza

Marahaba mwanangu. Mama mkwe kanijibu hivi: mkoba wa mojo, yaani kifuko cha dawa kama hicho, ukitengenezewa wewe, unakaa na wewe na unaulisha wewe, hauji na vitisho. Usioutaka, utupe kwenye maji yanayotiririka au njia panda, uondoke bila kugeuka nyuma. Kama hata huko kunakutisha, pipa la taka la mtaani linatosha, anasema, taka zinachukuliwa Jumanne.

Ila kabla hujatupa, kipige picha pamoja na bahasha yake, uonekane muhuri wa posta. Hifadhi ujumbe wote na kila muamala. Kisha mfungie namba, na usimjibu hata kwa kumtukana, maana ukimjibu anajua bado yumo.

Wa Minnesota mbona kimya? Najua mpo.