Je, unga wa magome wa Mungpoo ulikuwa dhuluma kwa maskini wa India?

Hoja ninayotaka kuijibu ni hii: kwamba serikali ya Kiingereza nchini India, ilipoanza katika miaka ya 1870 kusambaza unga wa magome ya msinkona uliotengenezwa Mungpoo, karibu na Darjeeling, iliwapa maskini dawa hafifu, huku wenye fedha wakinunua kwinini safi, dawa ya malaria inayotokana na magome hayo, kutoka Ulaya. Naielewa hasira iliyomo katika hoja hiyo, lakini naamini imelenga pasipostahili.

Gome la msinkona halina kwinini peke yake. Lina pia dawa nyingine tatu za jamii yake, kwinidini, sinkonini na sinkonidini, na kwinini ilipata sifa zaidi baada ya wakemia Pelletier na Caventou kuitenga mjini Paris mwaka 1820. Miti iliyostawi katika vilima vya Nilgiri na Darjeeling ilikuwa hasa ya gome jekundu, yenye kwinini kidogo na sinkonidini nyingi. Kabla ya serikali kuamua kuitumia, tume za madaktari ziliwajaribia maelfu ya wagonjwa wa homa dawa zote nne, kati ya 1866 na 1868, na zote zilikata vipindi vya homa kwa zaidi ya asilimia 98 ya wagonjwa. Sinkonini ndiyo iliyokuwa dhaifu kuliko nyingine, ingawa kwa tofauti ndogo.

Tulinganishe na mbadala nyingine za karne hiyo. Boudin, daktari wa jeshi la Ufaransa, aliipigia debe aseniki, ambayo ni sumu. Majimbo ya kusini ya Marekani, yalipozingirwa baharini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, yaligeukia magome ya miti ya kwao, likiwemo la mti wa mtoni uitwao wilo, ambalo hushusha joto la mwili bila kuua vijidudu vya malaria ambavyo daktari Mfaransa Laveran aliviona kwa hadubini nchini Algeria mwaka 1880. Hizo ndizo zilizostahili kuitwa dawa hafifu, kwa kuwa mgonjwa alipata nafuu ya muda na ugonjwa ukabaki.

Wapinzani wangu wana hoja moja nzito, nayo siikwepi. Unga wa Mungpoo, uliopatikana kwa kuloweka magome katika maji ya asidi kisha kuitenga dawa kwa magadi makali, ulikuwa mchanganyiko, na wengi walioumeza walilalamika kichefuchefu na kutapika. Daktari asiyejua kwa hakika kilichomo katika kijiko chake hawezi kupima dozi kwa uangalifu. Hata hivyo dosari hiyo ilihitaji kipimo rasmi cha mchanganyiko, na hilo lilifanyika katika miaka ya 1930, pale Jumuiya ya Mataifa, iliyotangulia Umoja wa Mataifa, ilipoipendekeza totakwina, mchanganyiko wa aina hiyo hiyo wenye viwango vilivyowekwa.

Kilichouondoa unga ule sokoni kilikuwa bei zaidi kuliko ubora. Mbegu za Bolivia ambazo mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger aliwauzia Waholanzi mwaka 1865 zilizaa, katika mashamba ya Java, magome yenye kwinini nyingi mno, na kwinini ikashuka bei hadi mbadala zikakosa soko.

Dhuluma, kwa maoni yangu, ilikuwa katika usambazaji. Ushahidi wa tume ulikuwepo tangu 1868, na kiwanda kilikuwa kikifanya kazi katikati ya miaka ya 1870, ilhali ofisi za posta za Bengal zilianza kuuza pakiti ndogo za kwinini kwa pesa moja, sarafu ndogo ya India, mwaka 1892 tu. Posta hizo zilikuwepo miaka yote hiyo. Basi anayeshikilia kwamba kosa lilikuwa katika dawa yenyewe atueleze mambo mawili: ni ushahidi gani wa wakati ule unaopingana na matokeo ya tume, na mwanakijiji mwenye homa mwaka 1880 angefaidikaje na kwinini safi ambayo hakuwa na uwezo wa kuinunua?