Naomba ushauri: nepi za kitambaa kwa hela kidogo

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi mitatu na pampasi zinamaliza hela ya kula, nataka kuhamia nepi za kitambaa. Zile za vishikizo, zenye mfuko wa kuweka pedi ndani, bei yake siiwezi kwa sasa. Nimekata khanga kuukuu na fulana za pamba za mitumba, nakunja pembetatu, nafunga kwa pini, juu namvalisha chupi ya nailoni. Mchana tunakwenda vizuri. Usiku analowa hadi shuka. Tena huku Dar ni masika, hazikauki, na pasi kila siku ni umeme huo.

Niandae nepi ngapi ili nifue siku moja niruke moja? Na usiku niongeze nini ndani kisichomletea vipele, taulo la zamani linafaa?