Tununue gari la zimamoto, au tuanze na mapaa?

Mjumbe_wa_Kamati:
Wakuu, naombeni mawazo kabla ya kikao. Makazi yetu yamepakana na msitu, na kamati yetu imepewa fungu la kupunguza hatari ya moto. Wenzangu wengi wanataka gari jingine la zimamoto. Mimi nataka fedha ziende kwenye nyumba zenyewe: mapaa, matundu ya hewa, na eneo linalozunguka kuta. Wananiuliza, "Moto unatoka msituni, wewe unahangaika na mifereji ya mvua ya kwenye paa?" Niwajibu nini? Na je, iwe sheria au hiari?

Zimamoto_Mstaafu:
Mkuu, hapo hapo kwenye mifereji ndipo penyewe! Nyumba nyingi hushikwa na cheche, si ndimi za moto wa msituni. Upepo mkali huzirusha hata zaidi ya kilomita moja mbele ya moto. Zinapenya matundu ya darini, zinatua kwenye majani makavu yaliyojaa mferejini au kwenye kuni zilizoegemezwa ukutani. Nyumba moja ikishawaka, inaiwasha ya jirani. Ndiyo maana baada ya moto unakuta nyumba imekuwa majivu na mti wa kando yake bado una majani mabichi.

Waeleze wenzako kuhusu moto wa mji wa Paradise, California, Marekani, Novemba 2018. Walikufa watu 85, yakateketea majengo zaidi ya 18,000. Siku kama ile wazimamoto wanahangaika kuwatoa watu. Gari moja la ziada lingewahi nyumba ngapi? California ina kanuni za ujenzi kwa maeneo ya hatari tangu 2008, paa lisiloshika moto na matundu yenye wavu wa kuzuia cheche, lakini zinabana nyumba mpya. Za zamani ndizo nyingi. Fungu lenu liende huko.

Binti_wa_Bonde:
Naunga mkono, ila sheria tupu inanitia hofu. Mjane mwenye paa la mbao atalibadilisha kwa fedha gani? Mkimtoza faini mtakuwa mmemwonea, na paa litabaki lile lile. Halafu angalieni Ureno: sheria ya kusafisha mita 50 kuzunguka majengo ilikuwepo tangu 2006, na bado mwaka 2017 moto wa Pedrógão Grande uliua watu 66, wengi wao wakiwa barabarani wakikimbia. Baada ya hapo ndipo serikali ilipoanza kuandaa vijiji: mtu wa kuwaongoza wenzake, mahali pa kujihifadhi, mazoezi ya kuhama. Msisahau barabara ya pili ya kutokea.

Mjumbe_wa_Kamati:
Asante sana, dada, na wewe mkuu. Basi napeleka hivi: kusafisha mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani kuwe lazima kwa kila mtu, kwa sababu kunahitaji reki na nguvu tu, na wazee tuwasaidie. Mapaa na matundu tuyachangie kwa ruzuku, tukianza na wasio na uwezo. Limebaki moja: viwanja ambavyo wenyewe hawaishi hapa, nyasi zimefika kiunoni.

Zimamoto_Mstaafu:
Hao wapewe notisi yenye tarehe. Ikipita, halmashauri isafishe yenyewe na gharama iingizwe kwenye kodi ya ardhi. Na aajiriwe mkaguzi wa kudumu, awe anapita kabla ya kiangazi. Kifungu hicho usikubali kikatwe.