Duka la maua mjini, mauzo ya mtandaoni, au yote mawili: ulinganisho kwa sisi wa Unguja na Pemba

Mpambaji wa Mwanakwerekwe:

Assalaam alaikum ndugu zangu. Ninatengeneza mashada ya maua na kupamba harusi nikiwa nyumbani, Mwanakwerekwe, na wateja wangu karibu wote hunipata kwa WhatsApp na Instagram. Sasa nimepata fremu ndogo upande wa Michenzani ambayo mwenyewe anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kabla ya kutia saini ninataka kuzilinganisha njia zilizopo pamoja na watu wanaoijua kazi hii.

Kubaki mtandaoni pekee kuna faida inayoonekana: ninanunua mawaridi baada ya mteja kulipa arubuni, silipi kodi ya fremu, na maua yanayobaki ni machache. Tatizo ni kwamba mteja mpya, hasa mgeni aliyefikia hotelini, husita kumtumia fedha mtu asiyekuwa na mlango wa kugonga. Duka pekee, bila ya mtandao, silioni kuwa linaweza kusimama hapa kwetu, kwa sababu wengi wetu hatuna desturi ya kupita njiani, kuona ua zuri na kulinunua tulipeleke nyumbani. Maua hununuliwa kwa shughuli, nayo shughuli hupangwa mapema. Inabaki njia ya tatu, yaani duka dogo linaloendeshwa pamoja na mauzo ya mtandaoni. Hiyo ndiyo inayonivutia na ndiyo inayonitia hofu, maana mawaridi yetu yanatoka Arusha, joto letu linajulikana, na sijui hesabu ya maua ya dukani itatenganishwa vipi na ya oda.

Naomba wenye uzoefu waniambie ni njia gani inayoacha fedha mkononi, na ni kitu gani hasa kinachoamua.

Mwenye duka wa Mlandege:

Waalaikum salaam dada. Mimi nina duka na pia ninauza mtandaoni, na ninaiunga mkono njia ya tatu, ila si kwa sababu ya dirisha la kuonyeshea maua. Kinachoamua ni ubaridi. Waridi lililokatwa linaendelea kupumua, na joto linavyopanda ndivyo linavyoimaliza upesi akiba yake ya sukari. Kwa hiyo linatakiwa likae baina ya nyuzi 1 na 4 tangu linapokatwa shambani hadi linapouzwa. Likiteremka bandarini Malindi ndani ya boksi lililokaa juani, siku ulizozilipia zimeshapungua kabla hujalitia majini. Chukua mfano wa mawaridi 100 uliyoyanunua kwa shilingi 700 moja, kisha 30 yakanyauka kabla ya kuuzwa. Yale 70 yaliyobaki yamekugharimu shilingi 1,000 kila moja, na hapo hujahesabu nauli, karatasi wala utepe. Hakuna bei ya kuuzia itakayokuokoa ikiwa hasara hiyo inajirudia kila mzigo.

Friji ya chakula ya nyumbani haiwezi kuchukua nafasi ya kabati la kupozea maua. Embe na ndizi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo huyazeesha maua kabla ya wakati wake, na ubaridi mkavu wa friji hiyo hukausha ncha za petali. Unapoiangalia fremu ya Michenzani, basi, usianze na wingi wa wapita njia. Angalia jua la alasiri linapiga upande gani, kama umeme una mita yake peke yake, kama maji yanapatikana kila siku, na kama gari inaweza kusimama mlangoni. Katika hili la mwisho Michenzani ni bora kuliko ndani ya Mji Mkongwe, ambako vichochoro vingi havipitishi gari na mapambo ya harusi yatabebwa mikononi hadi barabarani. Isitoshe, mji ule umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo hata kibao cha duka kina taratibu zake. Watalii wanaotembea ni wengi, hilo ni kweli, lakini mtalii anayetembea hanunui shada la kubeba. Anayenunua ni yule aliyeko hotelini Nungwi au Paje, naye huagiza kwa simu.

Jambo jingine ni kuwa si maua yote yanayotaka baridi ya waridi. Anthuriamu, helikonia na okidi ni maua ya nchi za joto, na yakiwekwa chini ya nyuzi 12 hivi huanza kuota madoa meusi. Hayo yaweke nje ya kabati, ndani ya chumba kisichopigwa na jua, na ninakuhimiza uyatumie kwa wingi, kwa sababu helikonia na majani ya mapambo yanastawi hapahapa Unguja, na kila shina unalolitoa shamba ni shina lisilolipiwa nauli ya kutoka Bara.

Muuzaji wa mtandaoni, Paje:

Ninakubaliana na ndugu wa Mlandege kuhusu ubaridi, lakini sikubaliani kwamba ubaridi unalazimisha duka. Kabati la maua linakaa popote penye umeme. Mimi nina chumba cha kazi cha nyuma ya nyumba, kisicho na kibao, ambacho kodi yake hailingani hata kidogo na ya fremu ya barabarani, na wateja wangu ni hoteli za pwani ya mashariki pamoja na wageni wao. Mtu aliyeko London anayetaka mkewe akute maua chumbani siku ya kumbukumbu ya ndoa hatauona mlango wako hata ungekuwa wa dhahabu. Anataka kuona picha za kazi yako mwenyewe, si picha zilizochukuliwa katika tovuti za watu. Anataka kulipa kwa kadi. Na anataka picha nyingine ya shada lake likiwa limeshafika. Ukimtimizia hayo, imani inapatikana bila ya fremu.

Tahadhari moja ni juu ya tovuti za madalali, ambazo huchukua oda duniani kote na kuzigawa kwa wauza maua wa mahali husika. Utaratibu wenyewe ni wa zamani: mwaka 1910 wauza maua kadhaa wa Marekani walikubaliana kupashana oda kwa telegramu, na umoja wao ndio uliokuja kuwa FTD, mtandao mkubwa wa oda za maua, hivyo si ulaghai. Lakini fanya hesabu. Mgeni akilipa shilingi 100,000 na dalali akabakisha asilimia 20, wewe umebakiwa na 80,000, na bado unatakiwa utoe shada lilelile la pichani, uweke mafuta ya gari, na ubebe lawama likichelewa. Mimi ninazikubali oda hizo wakati hoteli zimepoa tu, na kwa sharti lililoandikwa kwamba rangi na aina ya maua zinaweza kubadilika kulingana na yaliyopo.

Kwa upande wa usafiri, kutoka mjini hadi Paje ni takriban kilomita 50, na hadi Nungwi ni takriban 60. Ukikubali kila oda kwa saa anayoitaka mteja, faida yote itaishia barabarani. Weka siku za kaskazini na siku za mashariki, taja saa ya mwisho ya kupokea oda, na anayetaka nje ya hapo alipe safari kamili. Bodaboda inafaa kwa mjini, kwa sharti kwamba shada liwe ndani ya boksi refu na mashina yafungwe kitambaa kilichorowa, kwa sababu upepo wa safari hukausha petali kuliko jua lenyewe.

Mtunga vikuba, Chake Chake:

Wanangu, nimeyasoma yote na nimefurahi kuona kazi hii inazungumzwa kwa uzito. Kinachonisikitisha ni kuwa mmejadili maua yanayotoka Bara kana kwamba biharusi wa Kizanzibari hakuwa akipambwa kabla ya waridi la boksi kuvuka bahari. Asumini, langilangi, kilua, rehani na mkadi ndiyo maua yetu, na mteja anayeyataka hawezi kuyapata kwa mshindani wenu wa Dar es Salaam wala wa Nairobi.

Hata hivyo maua haya yana sheria zake, na sheria hizo ndizo zinazojibu suali la duka au mtandao. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado vitumba, hutungwa kabla ya magharibi, na hufunguka usiku ikiwa tayari imo kichwani mwa biharusi. Kufika asubuhi imeshageuka rangi. Langilangi ya kijani haina harufu ya maana. Ngoja iwe manjano na ndani chini ya petali pameingia wekundu, ndipo uichume. Kikuba, yaani kishada kidogo cha maua ya harufu, kinataka mkono mwepesi: vipande vya mkadi na majani ya rehani hukusanywa kwanza, asumini na langilangi huwekwa juu yake, kisha hufungwa kwa uzi bila ya kuminya, kwa sababu ua lililominywa huwa jeusi pale uzi ulipopita. Kitu cha namna hii hakiwekwi rafuni kusubiri mnunuzi. Ni cha oda tupu, kilicholipiwa kabla mchumaji hajatoka nyumbani kwake, na hapo simu inafanya kazi ambayo duka haliwezi kuifanya.

Kwa hiyo, mwanangu wa Mwanakwerekwe, ukichukua fremu usijaribu kuvijaza vikuba dukani. Waonyeshe watu kimoja siku za wikiendi wapate harufu yake, na mauzo uyachukue kwa simu. Wachumaji uwe nao wa hapo Unguja, kwani ukitegemea asumini ya Pemba, boti haitakungoja wewe umalize kutunga. Na uwalipe siku ileile. Wengi wao ni kina mama wenye miti miwili mitatu uani, na ukiwachelewesha watakiuza kilichopo kwa jirani.

Mhasibu wa Kikwajuni:

Nitazungumzia mawili tu. Watu hudhani kwamba mauzo ya mtandaoni hayahitaji usajili na ya duka ndiyo yanayohitaji. Mapato ni mapato. Jina la biashara linasajiliwa BPRA, yaani wakala wa usajili wa biashara na mali, kodi ya mapato ya Serikali iko ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na leseni itafutwe kabla ya kufungua mlango. Tena hoteli kubwa haiwezi kukulipa bila ya risiti inayotambulika, hivyo asiye rasmi anajifungia mwenyewe soko lililo bora. Hoteli hizohizo lakini hulipa kwa mkopo, pengine baada ya mwezi au zaidi, wakati mkulima wa Arusha anataka fedha yake mbele. Usichukue mkataba wa hoteli bila ya kuwa na akiba ya kununulia mizigo ya kipindi hicho chote.

La pili ni kodi ya miezi sita. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na kila mwaka inasogea nyuma kwa siku 10 au 11. Harusi husimama, kisha masika huendelea hadi Mei, wakati ambao hoteli nyingi za pwani hupunguza kazi. Miezi sita inayoanza Januari ni tofauti kabisa na miezi sita inayoanza Juni, ingawa kodi ni ileile. Muombe mwenye fremu akubali miezi mitatu mitatu, au tarehe ya kuanzia iwe mwanzoni mwa Juni.

Mpambaji wa Mwanakwerekwe:

Nawashukuru sana, na wewe mama wa Chake Chake nakushukuru zaidi, kwa sababu vikuba nilikuwa nikivihesabu kuwa ni nyongeza tu. Ninaelekea kwenye fremu, iwe ndio chumba cha kazi chenye kabati la baridi, mlango uwe wa kuchukulia oda na kuonana na wenye harusi, na mauzo yaendelee kwa simu. Naomba kwanza nimuombe mwenyewe tarehe ya Juni. Limebaki lile suali langu: maua ya dukani na ya oda yanatenganishwa vipi, na umeme ukikatika nifanye nini?

Mwenye duka wa Mlandege:

Tenganisha kwa ndoo, usitenganishe kwa daftari pekee. Mzigo ukifika, kata mashina mshazari ncha mbili za kidole, ondoa majani yatakayozama, kisha yagawe palepale: ndoo zenye kibandiko cha jina la mteja na tarehe ni za oda, na hakuna anayetia mkono humo hata mteja akisimama mlangoni na fedha taslimu. Ndoo isiyo na jina ndiyo ya duka, na picha ya asubuhi ya ndoo hiyo ndiyo unayoiweka mtandaoni, ili usiuze ua ambalo huna. Maji yabadilishwe kila siku na ndoo zisuguliwe kwa sabuni na jiki, kwa kuwa bakteria wa maji machafu huziba mirija ya shina na waridi huinamisha kichwa hali limesimama ndani ya maji tele.

Kuhusu umeme, wetu unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na sisi tuliokuwepo kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua Unguja ikikosa umeme huwa vipi. Waya mpya wa mwaka 2013 umepunguza hofu hiyo, ila kukatika kwa saa chache bado kupo. Nunua kabati dogo linalojaa, kwani kabati lililojaa ndoo za maji baridi hukaa na ubaridi wake muda mrefu kuliko lililo tupu, usilifungue ovyo, na weka jenereta ndogo kwa ajili ya wiki za harusi. Maua yaliyokaa siku nne yatoe katika hesabu ya oda za mashada. Bado yanafaa kwa mapambo ya ukumbi ya usiku mmoja, na mwenye shughuli aambiwe hivyo na apunguziwe bei.