Tupeane uzoefu: kipi ukijitengenezea nyumbani kinaokoa hela kweli, na kipi ni bora ununue tu?

Mama Kulwa, Tabata

Habari zenu wakuu. Kila nikishika simu naona watu wanafundishana kujitengenezea vitu: mkate, sabuni, zulia, jibini. Sawa, lakini hakuna anayetaja mkaa umekula shilingi ngapi, wala chupa ya mafuta imeshuka hadi wapi. Mimi ni mtu wa daftari. Kila ninachojaribu nakiandikia gharama, na vipo nilivyoviacha kwa sababu hesabu ilikataa.

Naanza na kinacholipa bila ubishi: siagi ya karanga. Nanunua karanga mbichi sokoni, nazikaanga kwenye sufuria pana kwa moto mdogo mpaka ganda linachubuka lenyewe ukilisugua, napepeta kwenye ungo, kisha blenda. Kazi yote iko kwenye kusaga. Kwanza unapata unga, halafu donge, na wengi wakifika kwenye donge wanakata tamaa na kumimina mafuta ya alizeti. Usimimine. Zima blenda ipumzike isije ikaunguza mota, washa tena, mafuta ya karanga yenyewe yatatoka na itateleza vizuri tu. Ila jamani, chambueni kabla ya kukaanga. Karanga iliyokunjamana, iliyobadilika rangi au yenye ukungu tupa, maana sumukuvu haiishi kwa kukaangwa.

Cha pili mtindi. Lita ya maziwa kwetu ni 2,000, mtindi dukani unafika 3,500. Nachemsha maziwa, nayaacha yapoe mpaka kidole kinavumilia, nakoroga vijiko viwili vya mtindi wa jana, nafunika na kulizungushia sufuria kanga nzito. Asubuhi yameganda. Na vijiko viwili vya mbegu nimeshajiwekea pembeni.

Kilichokataa ni mkate. Moto wa juu na wa chini kwa jiko la mkaa, ngano, hamira, sukari, siagi. Ukijumlisha umempita mwenye duka. Ukila kwa hamu ya mkate wa moto, hapo sawa, lakini usiniambie unabana matumizi.

Haya, tiririkeni. Semeni na mlikoishia kwenye hesabu.

Zamu ya Usiku

Mama Kulwa, kwenye daftari lako muda una safu yake? Mimi nafanya kazi za zamu. Nikirudi asubuhi nikakae kusugua maganda ya karanga? Nanunua kwa mama wa mtaani anayezisaga, naye apate ridhiki. Maandazi vivyo hivyo. Nyumba ya watu wawili kukanda maandazi ni kuchezea mafuta tu.

Mama Kulwa, Tabata

Zamu ya Usiku, hapo umenena, mdogo wangu. Muda sijauwekea safu kwa sababu niko nyumbani na wajukuu, wao ndio wasugua maganda wangu.

Baba Shiru, Kayole

Mimi niko Nairobi na kwetu kilichobadilisha bajeti ni kikapu cha kuivishia chakula kwa joto lake chenyewe. Mama watoto alichukua kikapu kikubwa cha sokoni, akakizungushia ndani vipande vya sponji ya godoro kuukuu, akashonea kitambaa juu, kisha akashona mto mnene wa kufunika. Sufuria zetu hazina mikono mirefu, kwa hivyo inaingia yote na mfuniko wake.

Maharagwe tunaloweka usiku. Asubuhi tunamwaga yale maji, tunaweka mengine, tunachemsha kwa gesi kama dakika 20 yakitokota kweli kweli, tunafunga ndani ya kikapu na kila mtu anaenda shughuli zake. Mchana yameiva. Tukitaka kukaanga na kitunguu na nyanya ni moto wa dakika chache. Kabla ya hapo maharagwe peke yake yalikuwa yanamaliza ule mtungi wa kilo sita upesi ajabu.

Wali pia unaiva humo, ukichemka tu na maji yakiwa bado yanaonekana juu, ingiza. Sukuma wiki usihangaike nayo.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeona video ikiwaambia watu wapashe tu wafunge: maharagwe, haswa yale mekundu, yana sumu yake ya asili, na inavunjwa na mchemko mkali usiopungua dakika 10. Ukiyaingiza kikapuni yakiwa na joto la vuguvugu, yatalainika na bado yatawatapisha watu. Kwanza yatokote. Kisha usifungue fungue kuchungulia, kila ukifungua joto linatoka.

Kidawa

Boksi la katoni linafaa badala ya kikapu?

Baba Shiru, Kayole

Linafaa, dada. Jaza magazeti yaliyofinyangwa au nguo kuukuu chini na pembeni, pasibaki nafasi ya hewa kuzunguka sufuria. Likilowa mvuke litalegea tu, itabidi utafute lingine.

Fundi wa Kirumba

Kwa upande wa mikono mimi ni cherehani, Mwanza. Watu wanadhani fundi anatupa vipande. Hatutupi, na wengine siku hizi tunaviuza kwa kilo! Ukiwa na fundi mnayefahamiana atakupa gunia la vipande vya vitenge kwa hela ya soda.

Mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wateja wangu walikuwa wanalalamika kununua mfuko mbadala kila wakienda sokoni. Nikaanza kuunga vipande, ndani naweka bitana ya mfuko wa unga wa ngano ule wa kitambaa, mkono naushona mara mbili. Mfuko wa namna hiyo unabeba viazi na ndizi za nyumba nzima na unafuliwa. Ujanja ni mkono: usiushone juu ya ukingo tu, ushushe ndani kama inchi tatu, shona mraba, kisha piga msalaba katikati ya mraba. Mifuko mingi ya kununua hukatikia pale pale kwenye mkono.

Vile vipande vyembamba kabisa visivyounganika, vikate mistari, visuke misuko mitatu kama nywele, kisha zungusha duara huku unashonea kwa mkono na sindano ya gunia. Unapata zulia la mlangoni. Ila usivute uzi sana, likikaza linasimama bakuli.

Mapazia sikushauri ushone mwenyewe kama huna cherehani. Mita za kitambaa ndizo zinazokula hela, ufundi ni kidogo.

Bi Mwanaisha, Wete

Assalam aleikum. Nyie mnazungumza vipande vya vitenge, na sisi huku Pemba tuna mkindu unaota wenyewe. Nimefundishwa na bibi yangu kusuka. Makuti machanga ya mkindu yanachanwa, yanaanikwa juani mpaka yageuke meupe, mengine yanachemshwa na rangi. Unasuka shupatu, utepe mrefu wa upana wa kiganja, unaukunja bunda bunda. Shupatu likishatosha ndipo unashona ukingo kwa ukingo kuwa mkeka.

Kuhusu kuokoa hela, Mama Kulwa, nikujibu kweli: ukiwa na mkindu karibu, mkeka haukugharimu ila rangi na macho yako. Lakini mtu wa mjini akinunua ukili uliokwisha tiwa rangi ili ajisukie mkeka mmoja, bora anunue mkeka mzima. Mimi nasuka wakati nazungumza na wenzangu barazani, mikono haikai bure. Ndivyo inavyolipa.

Kofia za viua ndiyo usiseme. Ile si ya kubana matumizi, ile ni ya kuuza. Vile vitundu vinazungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano, kofia moja inakwenda miezi.

Mtaalamu wa Povu

Morogoro hapa. Sabuni ya maji ndiyo mfalme wa kuokoa hela na hakuna aliyeigusa bado. Ndoo ya lita 20 ukiichanganya mwenyewe inakwenda kwa sehemu ndogo tu ya bei ya vile vichupa vya dukani, na nyumba ya vyoo viwili na watoto wa shule itaitumia muda mrefu.

Malighafi zinauzwa maduka ya kemikali: salfoniki, slesi ya kutoa povu, magadi soda ya viwandani, chumvi ya kawaida, rangi na manukato. Salfoniki ni asidi. Vaa glavu, tumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mti, bati liache. Mimi nakoroga salfoniki na slesi kwanza mpaka zishikane, naongeza maji kidogo kidogo, kisha magadi niliyoyayeyusha pembeni naingiza taratibu. Itachemka povu juu, ni ile asidi inapunguzwa ukali, kwa hiyo ndoo isijae. Pima kwa karatasi ya kupimia asidi, ni bei ndogo. Sabuni kali inayokausha mikono ni kwamba mtengenezaji hakupima.

Chumvi ndiyo inayotia uzito na ndiyo inayouondoa. Weka iliyoyeyushwa, kidogo, koroga, angalia. Ukifika pale inapovutika, acha. Watu wakiona imekuwa nzito wanataka iwe nzito zaidi, wanaongeza, na uzito unakatika inabaki maji. Hapo hakuna chumvi itakayoirudisha.

Iache ilale usiku kucha povu lishuke ndipo utie kwenye vidumu. Na andika kwenye kidumu kwamba ni sabuni! Usiweke kwenye chupa za soda wala maji ya kunywa, mtoto hajui.

Zamu ya Usiku

Hii ya sabuni nimeipenda. Ndoo moja na basi, hata mimi nitapata Jumapili yake.

Mama Achari, Mombasa

Mimi ni wa achari na mabuyu. Embe zikianza kumwagika sokoni mwisho wa mwaka, zile changa zilizodondoshwa na upepo huuzwa bei ya bure. Nazimenya, nakata vipande virefu vyembamba, natia chumvi, naanika juani juu ya uteo mpaka zinyauke lakini zisikauke kauu. Halafu sukari, pilipili ya unga, rangi kidogo, moto mdogo zishikane. Watoto wa mtaa wanazijua wakitoka madrasa.

Mabuyu ni hesabu nyingine. Buyu lenyewe si ghali, sukari ndiyo inakwenda kwa wingi. Shira ikichemka mpaka ivute uzi baina ya vidole viwili, tia iliki na pilipili manga, kisha mbegu zako, geuza geuza hadi unga wa buyu unywe shira yote. Ukitaka kula mwenyewe, nunua ya kipimo. Ukitaka kupika, pika uuze, ndipo sukari inarudi.

Salma wa Muscat

Mashaallah Mama Achari, umenitoa udenda. Sisi huku Muscat tulio na asili ya Unguja tunapika nyumbani kwa sababu mkate wa kumimina wa kununua wenye ladha ya nyumbani ni shida kuupata. Mchele unaloweka, unasaga na tui la nazi, hamira, iliki, sukari, unaacha uumuke. Nazi yenyewe tunanunua iliyokunwa ya barafu. Bibi yangu alikuwa akipindua chombo juu ya makaa ili uso uive, mimi nauingiza kwenye oveni moto wa juu peke yake. Bei? Umeme, nazi ya barafu, wallahi sijaokoa kitu. Lakini siku za Ramadhani nauliza nani anayehesabu.

Mzee wa Chenga

Mmetaja mkaa wote na hakuna aliyesema chenga zinaenda wapi. Kila anayeuza mkaa ana rundo la vumbi na vipande anavyotaka viondoke. Omba. Chekecha, pika uji mzito wa unga wa muhogo, changanya. Finyanga donge kiganjani: likishikana bila kutoa maji, tosha. Tengeneza mipira au tumia kopo lililokatwa kama kalibu, anika juani siku kadhaa mpaka ukiligonga lilie kavu. Ukitumia udongo badala ya uji utapata majivu mengi na joto dogo.

Mkaa huu kuwaka ni mvivu, lazima umwanzishie kwa mkaa wa kawaida. Akishashika anakaa muda mrefu kwa moto wa upole. Wa maharagwe, makongoro, supu. Chai ya haraka asubuhi usimtegemee. Na jiko lolote la mkaa lisiingie mlipolala mkiwa mmefunga madirisha, ile hewa yake haina harufu na inaua.

Dereva Mstaafu

Mzee, na heshima zote, tuachane na mkaa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania, na sisi bado tunafinyanga vumbi!

Mzee wa Chenga

Lengo nalikubali, ndugu yangu. Siku mtungi ukijazwa kwa hela ninayoipata kwa siku, chenga nitawaachia kuku waogee.

Mama Kulwa, Tabata

Wazee wangu msigombane, wote nimewaandika daftarini. Baba Shiru, swali la mwisho leo: makande kikapuni yanawezekana? Mahindi yangu ni yaliyokobolewa.

Baba Shiru, Kayole

Yaliyokobolewa yanawezekana, mama. Sisi githeri yetu ni ya mahindi na ganda lake na bado inaiva, ila inataka awamu mbili. Loweka vyote usiku. Chemsha nusu saa, ingiza kikapuni asubuhi. Adhuhuri itoe, irudishe motoni itokote tena dakika 10, ongeza maji ya moto, si ya baridi, kisha irudi kikapuni mpaka jioni. Chumvi weka mwisho. Na ujaze sufuria vizuri, sufuria nusu inapoa mapema.