Boti ya Pemba msimu wa kusi: tangawizi, ndimu au vidonge?

wifi_wa_kengeja
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwezi wa saba tunavuka kutoka Unguja kwenda Mkoani, harusini. Safari hii naongozana na mkwe wangu, mtu mzima mwenye presha, wifi yangu mwenye mimba changa, na mwanangu wa miaka minne. Wote watatu roho huwachafuka hata ndani ya daladala, na kusi likishavuma mnaijua bahari ya Nungwi ilivyo. Kila ninayemuuliza ana lake: tafuna tangawizi, nusa ndimu, weka karafuu mdomoni, meza kidonge ulale, panda ndege. Ndege kwa watu wanne hatuiwezi, labda kwa mmoja. Naomba mnilinganishie kwa mnayoyajua: kipi kinafanya kazi kweli, kipi ni cha kujifariji tu, na kipi hakimfai mjamzito wala mtoto.

tezi_na_omo
Waalaykum salaam bibie. Maisha yangu yamepita kwenye vyombo, na kabla hujafika duka la dawa nataka uanze na mahali pa kukaa, kwa sababu hapalipiwi na wengi hupadharau. Abiria wakishapanda hukimbilia mbele. Omo, yaani hiyo sehemu ya mbele, ndiyo inayonyanyuka na kupiga chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya chombo. Kaeni katikati, au nyuma kidogo ya katikati. Na sitaha ya chini huyumba kidogo kuliko ya juu.

Sasa hapo pana mtihani. Chini kumetulia lakini kumefungwa, na mmoja akitapika harufu yake inawashika wote waliomzunguka. Juu pana upepo, na bahari unaiona. Kwa anayejiweza nachagua nje, upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mbali na moshi wa dizeli, macho yakiwa kule mbingu inapokutana na maji. Kwa mama mtu mzima na mtoto nachagua chini katikati, wajinyooshe kama nafasi ipo, wafumbe macho. Kibaya kuliko vyote ni kukaa ndani, kichwa kimeinama kwenye simu.

Mkate tiketi ya asubuhi. Upepo kwa kawaida huongezeka jua likishapanda.

mfamasia_ngamiani
Mzee hapo juu amesema kweli, naongeza sababu. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kinachopima mwendo na mizani ya mwili. Chombo kikipanda wimbi, sikio linauambia ubongo kwamba tunakwenda. Macho yanayotazama kiti cha mbele yanasema tumetulia. Taarifa hizo mbili zikipingana ndipo mate yanapojaa mdomoni, miayo inafuatana, jasho baridi linatoka, kisha mtu anatapika. Kutazama upeo wa bahari kunasaidia kwa sababu macho nayo yanauona mwendo, na kuyafumba kunasaidia kwa sababu yananyamaza. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaoshikwa zaidi, wanawake kuliko wanaume, na mimba au kipandauso huongeza.

Kuhusu vidonge, jambo la kwanza ni muda wa kumeza. Wengi hukimeza boti ikiwa imeshaacha bandari na moyo umeshachafuka. Tumbo likishafika hapo linakuwa limelala, halisukumi kitu kwenda chini, kwa hiyo dawa haifiki inakotakiwa na mara nyingi inarudi na matapishi. Sinarizini, kidonge cha kichefuchefu cha safari, humezwa masaa mawili kabla ya kuondoka. Promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na kuzuia kutapika, humezwa usiku wa kuamkia safari na huweza kurudiwa asubuhi. Ukinilazimisha kuchagua kwa mtu mzima mwenye afya asiye mjamzito, nasema sinarizini kwa safari fupi kama hii, kwa sababu usingizi wake kwa wengi ni mwepesi. Promethazini ni nzito, inakausha mdomo na kumlaza mtu mpaka jioni.

La pili, si kila dawa ya kutapika ni ya safari. Metoklopramidi, ambayo wengi wameizoea hospitali, haisaidii cha maana kwa kichefuchefu cha baharini. Vilevile dawa za mzio zisizoleta usingizi, kama setirizini, hazifanyi kitu hapa hata kama ni za ukoo mmoja na promethazini. Kwa hiyo mtu asikupe kidonge chochote cha akiba cha nyumbani akasema ni kilekile.

mama_pacha_dar
Naheshimu elimu ya mfamasia, lakini mimi mama mwenye watoto wadogo sitaki kidonge cha usingizi. Nikilala mimi, nani anawashika wakianza kutapika? Natumia tangawizi kavu ya unga, nusu kijiko cha chai kwenye chai ya rangi, nakunywa kabla ya kutoka nyumbani, na njiani natafuna kipande kibichi. Na si imani ya bibi tu: mwaka 1988 ilijaribiwa baharini kwa wanafunzi 80 wa jeshi la majini la Denmark. Waliopewa gramu moja ya unga wa tangawizi walitapika kidogo kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

mfamasia_ngamiani
Dada, utafiti huo upo, na nusu kijiko chako ndiyo takriban hiyo gramu moja, umepima sawasawa. Lakini tuuseme wote. Kutapika na jasho baridi vilipungua. Kichefuchefu chenyewe na kizunguzungu vilipungua kwa kiasi ambacho hakikutosha kuthibitisha kwamba ni kazi ya tangawizi. Kwa bahari ya maleleji, yaani msimu wa upepo mdogo, naikubali bila wasiwasi. Kwa kusi la mwezi wa saba, mtu anayechafukwa hata ndani ya daladala asiitegemee peke yake. Na mtu asidhani soda ya tangawizi ni sawa na hiyo: tangawizi yake ni ya ladha, na gesi inajaza tumbo.

kijana_wa_wete
Kwetu karafuu haikosi mfukoni, ila niseme kazi yake ilivyo. Haizuii kutapika. Nabana punje moja shavuni kwa sababu kinachonimaliza mimi ndani ya boti ni harufu, manukato makali yakichanganyika na dizeli. Ndimu hivyo hivyo: nakwaruza ganda kwa ukucha na kunusa. Kuinyonya tumbo likiwa tupu sikushauri, hasa kwa mwenye vidonda vya tumbo.

Kilichonisaidia kuliko vyote viwili ni chakula cha kabla. Watu wengi huvuka na njaa wakiamini hawatakuwa na cha kutapika, na tumbo tupu ndilo linalowaumiza. Kula boflo kavu au muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, kidogo tu. Urojo na vitu vya mafuta viacheni mpaka mfike.

mkunga_chake
Nazungumzia wifi yako, maana huyo ndiye ninayemhofia. Kichefuchefu cha mimba huanza karibu na wiki ya 6, hukaza karibu na wiki ya 9, na wengi hupata nafuu baina ya wiki ya 12 na ya 16. Hesabuni wiki zake. Kama safari inaangukia pale pabaya, ile tiketi moja ya ndege mpeni yeye. Ndege ndogo nazo hutikisika, lakini ni kama nusu saa tu mpaka Chake.

Akipanda boti, tangawizi isiyozidi gramu moja kwa siku kwa wajawazito wengi haina tatizo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize kwanza. Sinarizini asimeze. Vitamini B6 na promethazini hutumika kwa wajawazito, ila ampangie anayemhudumia kliniki. Jambo jingine ambalo halitajwi: vidonge vya madini ya chuma vinavyotolewa kliniki huvuruga tumbo. Siku hiyo asivimeze asubuhi kabla ya kula, avisogeze usiku baada ya chakula. Nasema avisogeze, asiviache. Na tafadhali, ule udongo wa sokoni ambao wajawazito hutafuna kutuliza roho, msimpe. Unaweza kuwa na risasi na mayai ya minyoo, na unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, wakati yeye anayahitaji kuliko sote.

Kwa mtoto: promethazini kwa aliye chini ya miaka 2 ni marufuku, inaweza kuzuia pumzi. Wako ana miaka minne, lakini usikate kidonge cha mtu mzima kwa kukisia. Mpeleke apimwe uzito, uulize kama anahitaji dawa kweli au kulala mapajani kwako kunatosha.

Akitapika, subiri kama dakika 10, halafu mpe ORS kijiko kimoja kimoja. Mtoto mwenye kiu ukimwachia kikombe kizima atakirudisha chote. Ukikosa pakiti, maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko visiwe na mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, kwa hiyo pima, usikadirie. Dafu linafaa kwa aliyetapika kwa mawimbi tu. Kwa anayeharisha halitoshi, chumvi yake ni ndogo.

Na mkishafika, kutapika kukiendelea mpaka kesho yake, au kukaja na homa, damu, au mjamzito akawa hawezi kubakisha hata maji na mkojo umekuwa mchache na mweusi, msiilaumu boti. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

wifi_wa_kengeja
Allah awalipe, nimepata kuliko nilivyotarajia. Wifi atakuwa wiki ya 10, kwa hiyo ndege ni yake. Nina mawili yaliyobaki. Mkwe wangu ana presha ya macho pia, anatia matone kila siku, promethazini inamfaa? Na wapo wanaonishauri tupande meli kubwa badala ya boti ya kasi, ati meli imetulia.

mfamasia_ngamiani
Vizuri umelitaja. Promethazini inaweza kupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya wagonjwa wa aina hiyo, na kwa wazee huongeza kizunguzungu wakisimama ghafla, hasa wakiwa kwenye dawa za presha. Asipewe mpaka aliyempa matone aseme ndiyo. Nenda na majina ya dawa zake zote, uulize na hiyo sinarizini. Muda upo, usisubiri wiki ya safari. Jibu likiwa hapana, atavuka kwa kiti cha katikati, macho yamefumbwa, chakula chepesi na tangawizi kidogo.

tezi_na_omo
Kuhusu meli, wengi wanadhani kutikisika kwa nguvu ndiko kunakochafua moyo. Kinachochafua zaidi ni ule mwendo wa polepole, panda shuka moja kila sekunde tano hivi, na meli ndiyo inayokwenda hivyo kwenye mawimbi marefu ya kusi. Boti ya kasi inagonga, inachosha mgongo, lakini mnafika mapema. Faida ya meli ni nafasi ya kujinyoosha. Kama mama mkwe ni mtu wa kulala usingizi safarini, meli itamfaa. Kama hukaa macho njia nzima, mchukulie boti, na mfike bandarini mapema mpate viti vya katikati.

kijana_wa_wete
Niulize na mimi. Nikishashuka Mkoani ardhi inaendelea kuyumba mpaka usiku, nikifumba macho bafuni nataka kuanguka. Hii nayo ina dawa?

mfamasia_ngamiani
Ubongo ulikuwa umeshauzoea mwendo wa chombo, unahitaji muda kuurudia utulivu wa nchi kavu. Kwa wengi huisha ndani ya siku moja au mbili. Usiongeze kidonge kwa ajili hiyo. Tembea nje kunako uwazi, tazama mbali, na ukioga shika ukuta. Kama ulimeza promethazini, pikipiki usiiguse siku hiyo. Ikipita wiki na bado unayumba, muone daktari wa masikio.